Roosevelt na zimwi la msituni: Je, kazi ya shahidi inatosha umwamini?

TUSEME umefungua simu asubuhi na kwenye grupu kuna ujumbe umesambazwa mara kumi. Ati kuna mnyama wa ajabu ameonekana msituni, mrefu kuliko mtu, manyoya mwili mzima. Unataka kucheka. Kisha unaambiwa aliyemwona si mlevi wa mtaani, ni askari wa wanyamapori aliye kazini miaka ishirini. Ghafla kicheko kinakatika.

Kwa nini kikatike? Hadithi ni ile ile. Kilichobadilika ni kazi ya aliyeisimulia.

Marekani wamebishana juu ya jambo hili kitambo, kwa sababu ya kiumbe wanachokiita Bigfoot, yaani mwenye mguu mkubwa. Husemekana kinaishi katika misitu ya magharibi na kutembea wima kama binadamu. Wanaoamini kwamba kipo hupenda sana kutaja kazi za mashahidi: huyu polisi, yule mwindaji, yule mwingine daktari. Na wakitaka kumaliza ubishi kabisa, hutoa jina zito kuliko yote: Theodore Roosevelt, rais wa 26 wa Marekani.

Hebu tumfuate huyu Roosevelt tangu utotoni, tuone alisema nini hasa. Maisha yake yatakufunza mengi kuhusu nani wa kuaminiwa, na kwa kiasi gani.

Kijana asiyeona mbali

Alizaliwa jijini New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika familia yenye pesa. Pesa hazikumsaidia kupumua. Pumu ilimkaba usiku hadi wazazi wake wakahofia hatakua. Kwa kuwa mwili ulimzuia kukimbia na wenzake, alijishughulisha na wanyama. Siku moja alimwona sili aliyekufa sokoni, akawa anarudi kila mara kumpima kwa rula. Mwishowe alipata fuvu la sili huyo, na hilo ndilo lililoanzisha jumba lake dogo la makumbusho, chumbani mwake. Baba yake alikuwa mmoja wa waanzilishi wa jumba kubwa la makumbusho ya viumbe jijini humo.

Alipofika umri wa miaka kumi na mitatu hivi alipewa bunduki. Hapo akagundua jambo la ajabu: wenzake walikuwa wakilenga vitu ambavyo yeye hakuviona kabisa. Baadaye walimsomea maandishi ya bango lililokuwa mbali, naye akatambua kwamba haoni hata kama kuna herufi. Alimweleza baba yake, akanunuliwa miwani, na dunia ikafunguka. Miaka yote hiyo alikuwa amedhani kwamba kila mtu anaona ukungu kama yeye.

Shika hapo kidogo. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa kuhusu alichokiona, na bado macho yake yawe yanamdanganya bila yeye kujua.

Msiba uliompeleka porini

Alimaliza masomo Harvard mwaka wa 1880, akaoa, akaingia siasa. Halafu ikaja tarehe 14 Februari 1884. Siku hiyo moja, katika nyumba moja, mama yake alifariki, na saa chache baadaye mke wake, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike siku mbili tu kabla. Roosevelt alikuwa na umri wa miaka 25.

Alimwacha mtoto kwa dada yake, akaenda kufuga ng'ombe katika eneo la Dakota, nchi kavu yenye makorongo na baridi kali. Huko alilala nje, akawinda, akafukuzana na wezi wa mashua hadi akawatia mbaroni. Majira ya baridi ya 1886 na 1887 yaliua ng'ombe wake wengi, na pesa zikaenda nao. Alichorudi nacho ni hadithi. Wawindaji wazee walimsimulia mambo yao kando ya moto, naye akayaandika.

Mwaka wa 1893 alichapisha kitabu kiitwacho The Wilderness Hunter. Karibu na mwisho wake ameweka kisa alichosimuliwa na mzee mmoja kwa jina Bauman, mwindaji aliyezaliwa na kuzeekea mpakani mwa makazi ya watu na pori.

Kisa chenyewe ni hiki. Ujanani, Bauman na mwenzake walienda kutega biva katika milima iliyo kati ya mto Salmon na mto Wisdom, leo ni majimbo ya Idaho na Montana. Biva ni mnyama anayekata miti kwa meno na kujenga mabwawa, na wakati huo ngozi yake ilikuwa na soko. Bonde walilolichagua lilikuwa na sifa mbaya. Mwaka uliotangulia, mwindaji aliyeingia huko peke yake aliuawa na mwili wake kuliwa nusu. Waliacha farasi wao chini, wakapanda kwa miguu mwendo wa karibu saa nne, wakajenga kibanda cha matawi.

Jioni ya kwanza walirudi na kukuta kibanda kimebomolewa, mizigo imetawanywa. Walidhani ni dubu. Mwenzake aliinama na kijinga cha moto, akazikagua nyayo, kisha akasema mnyama huyo alikuwa ametembea kwa miguu miwili. Bauman alimcheka. Usiku wa manane akaamshwa na kelele na harufu kali ya mnyama, akaona umbo kubwa gizani mlangoni mwa kibanda. Akafyatua risasi, likatoweka. Siku ya pili kibanda kikabomolewa tena, na safari hii nyayo zilionekana wazi kwenye udongo laini karibu na kijito. Usiku huo walikoka moto mkubwa na kukaa macho, huku kitu kikizunguka ng'ambo ya kijito na kutoa mlio wa kukwaruza.

Asubuhi wakaamua kuondoka. Kufikia adhuhuri ilibaki mitego mitatu tu kuondolewa. Bauman aliifuata, mwenzake akatangulia kambini kufunga mizigo. Mitego yote mitatu ilikuwa imenasa, na kuwashughulikia biva wale kukamchelewesha. Aliporudi jua lilikuwa linashuka na msitu umenyamaza. Aliita, hakuitikiwa. Alimkuta mwenzake amelala kando ya gogo, shingo imevunjika, na alama nne za chonge kooni. Nyayo zilikuwa pale pale. Bauman aliacha kila kitu isipokuwa bunduki yake, akateremka mbio hadi waliko farasi, akakimbia usiku kucha.

Roosevelt alivyompima Bauman

Hapa ndipo watu wengi huishia. Wanasema: mwindaji mzoefu ameona, rais wa Marekani ameandika, unataka nini tena?

Lakini Roosevelt hakuishia hapo. Kwanza, yeye mwenyewe hakuona kitu, na wala hakuwa rais mwaka huo; urais ulikuja miaka minane baadaye. Pili, alikubali kwamba Bauman aliyaamini maneno yake, maana kuna sehemu alizozisimulia huku mwili ukimsisimka. Kisha akaongeza jambo ambalo wanaonakili kisa hiki hupenda kuliruka. Alieleza kwamba Bauman alitoka katika ukoo wa Kijerumani, na bila shaka alilelewa kwa hadithi za mizuka na mazimwi. Baadaye, porini, akasikia nyingine kutoka kwa waganga wa wenyeji wa Marekani, kuhusu viumbe wanaotembea thelujini. Roosevelt akaona kwamba huenda muuaji alikuwa mnyama wa kawaida, mkali na mjanja kupita kiasi, na kwamba hofu na majonzi ya kumpoteza rafiki vilimgeuza kuwa zimwi, hasa kadiri miaka ilivyopita. Ukweli wenyewe, alikiri, hakuna awezaye kuusema.

Waliomnakili walibeba cheo chake wakaliacha shaka lake.

Sasa tuichukue kazi ya Bauman kwa uzito unaostahili. Mtegaji husoma nyayo kila siku. Asipozijua, analala njaa. Kwa hivyo akisema kulikuwa na nyayo kubwa kwenye udongo laini, mchana, ana haki ya kusikilizwa kuliko mimi na wewe. Hata hivyo, dubu husimama kwa miguu ya nyuma, na hata akitembea kwa minne, mguu wa nyuma unaweza kukanyaga alama ya mguu wa mbele, zikaungana na kuonekana ndefu kama unyayo wa mtu.

Lakini umbo la usiku wa manane je? Hakuna kazi inayomfundisha mtu kutambua kitu gizani, akiwa ameshtuka usingizini, kwa muda wa kufyatua risasi moja. Na mauaji yenyewe Bauman hakuyaona. Utaalamu wake ulifika kwenye nyayo. Yaliyobaki aliyaona kama mtu yeyote mwenye hofu angeyaona.

Kofia ya polisi

Mwaka wa 1895 Roosevelt aliteuliwa kuongoza bodi ya makamishna wa polisi wa New York. Unajua alifanya nini? Alitoka usiku kwa miguu, bila kutangaza, kuwatafuta polisi waliostahili kuwa zamu. Baadhi aliwakuta wamelala, wengine wakipiga soga au wakinywa. Asubuhi waliitwa ofisini kujieleza.

Fikiria maana yake. Taarifa za zamu zilikuwa zimeandikwa na watu wenye sare na beji, na bado mkubwa wao aliona afadhali aende ajionee.

Watetezi wa Bigfoot wana hoja moja nzuri hapa, na tusiidharau. Wanasema polisi au askari wa msitu ana mengi ya kupoteza. Akisema ameona zimwi, wenzake watamcheka na huenda akakosa kupandishwa cheo. Kwa nini basi aseme uongo? Ni kweli, hoja hiyo inapunguza uwezekano wa uongo. Haipunguzi uwezekano wa kukosea. Bauman hakuwa mwongo machoni pa Roosevelt. Alikuwa mtu aliyetetemeka, na kutetemeka kunathibitisha hofu tu, hakuthibitishi kilichoileta.

Rais dhidi ya mchungaji

Baada ya vita vya Cuba vya 1898 Roosevelt akawa shujaa, kisha gavana wa New York, kisha makamu wa rais. Rais McKinley alipouawa kwa risasi Septemba 1901, Roosevelt akaapishwa akiwa na umri wa miaka 42. Hadi leo hakuna aliyeshika urais wa Marekani akiwa mdogo kuliko yeye. Ndiye huyo huyo ambaye jina lake la utani, Teddy, walipewa wale dubu wa kuchezea, baada ya kukataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kamba mwaka wa 1902.

Akiwa Ikulu aliingia katika ugomvi ambao marais wa leo wasingethubutu kuupotezea muda. Kulikuwa na waandishi waliosimulia vituko vya wanyama na kusisitiza ni vya kweli. Mmoja wao, William Long, alikuwa mchungaji wa kanisa. Aliandika kuhusu ndege aliyejifunga mguu uliovunjika kwa udongo, kama daktari anavyofunga plasta, na mbwa-mwitu aliyeua kwa kuuma kifua cha mnyama hadi kufikia moyo. Mwaka wa 1907 Roosevelt alimshambulia hadharani. Long akajitetea kwa ushahidi wa watu wengine, baadhi yao wakiwa wameapa.

Tazama mizani hiyo: mchungaji, na watu walioapa. Roosevelt hakubishana kuhusu wito wa Long. Alirudi kwenye mwili wa mnyama. Taya la mbwa-mwitu lina ukubwa gani? Moyo uko ndani kiasi gani? Kipimo kikikataa, kiapo hakisaidii.

Usidhani basi kwamba mwenye cheo ndiye hushinda siku zote. Mwaka ule ule wa 1901, Harry Johnston, mwakilishi wa Uingereza nchini Uganda, alituma London ngozi na mafuvu ya mnyama ambaye wanasayansi wa Ulaya hawakumjua: okapi wa misitu ya Kongo. Wambuti walikuwa wanamjua tangu jadi. Kabla ya hapo waongozaji wake wa msituni walimwonyesha Johnston nyayo zake, lakini akakataa kuamini, kwa sababu yeye alitarajia mnyama wa jamii ya farasi, na nyayo zile zilikuwa na kwato zilizopasuka. Bwana mkubwa alikosea. Watu wasio na cheo walikuwa sahihi. Kilichomaliza ubishi ni ngozi na mifupa mezani.

Mombasa hadi Uasin Gishu

Roosevelt aliondoka Ikulu Machi 1909, na Aprili akashuka Mombasa na mwanawe Kermit. Alisafiri kwa reli hadi nyanda za Kapiti, akiwa mara nyingine ameketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya injini ili atazame wanyama. Watu wachache walijua kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibika, baada ya kupigwa ngumi katika mchezo wa ndondi akiwa bado rais.

Safari hiyo iliyopita Naivasha, maeneo ya Mlima Kenya na Uasin Gishu iliwaua wanyama wengi: yeye na Kermit peke yao walipiga 512. Kwa macho ya leo inauma. Msafara ulikuwa wa taasisi ya Smithsonian ya Washington, na kati ya vilivyopelekwa huko kulikuwa na wanyama zaidi ya 11,000, kuanzia wadudu hadi ndovu, pamoja na rekodi za walikopatikana. Neno la rais halikuhitajika tena. Mwanafunzi yeyote angeweza kufungua droo na kukagua.

Mwishoni mwa mwaka huo alitazama morani wa Kinandi wakimzingira simba na kumuua kwa mikuki. Wanandi walikuwa na masimulizi ya chemosit, zimwi la usiku, na miaka iliyofuata Wazungu nao wakaanza kuripoti kwamba wamemwona mnyama waliyemwita dubu wa Nandi. Walikuwa walowezi, maafisa wa serikali na wahandisi wa reli. Kazi zao zilikuwa za heshima. Ngozi wala fuvu la dubu huyo halijawahi kufika kwenye jumba lolote la makumbusho.

Zamu yake ya kutiliwa shaka

Oktoba 1912, akiwania urais tena, Roosevelt alipigwa risasi kifuani jijini Milwaukee. Risasi ilipita kwenye hotuba iliyokunjwa mfukoni na kasha la miwani. Alikohoa, akatazama kama kuna damu. Hakuiona, akahitimisha kwamba mapafu hayajatobolewa, akapanda jukwaani na kuhutubia zaidi ya saa moja. Hata na risasi mwilini alitafuta dalili kwanza.

Mwaka wa 1914 alishuka mto usiojulikana nchini Brazil akiwa na Kanali Cândido Rondon. Ilikaribia kumuua. Mmoja wa wenzao alizama, mwingine aliuawa na mwenzake wa msafara, naye Roosevelt akashikwa na malaria na kidonda cha mguu hadi akaomba aachwe. Aliporudi akasema wamechora ramani ya mto wenye urefu wa karibu kilomita 1,500. Wajuzi wa jiografia wakaguna. Haiwezekani, wakasema baadhi yao.

Angeweza kuwaambia kwamba rais mstaafu na mshindi wa tuzo ya amani ya Nobel hasemi uongo. Badala yake, akiwa bado dhaifu, alisimama mbele ya wataalamu Washington, kisha London, akaeleza njia waliyopita na vipimo walivyochukua. Aliwapa kitu wanachoweza kukikagua.

Hadithi mbili alizoziacha

Alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919, akiwa na umri wa miaka 60. Jina Bigfoot hakuwahi kulisikia. Lilipata umaarufu mwaka wa 1958, dereva wa tingatinga Jerry Crew alipoonyesha plasta ya unyayo mkubwa alioukuta kwenye eneo la ujenzi wa barabara huko Bluff Creek, California. Crew alisema kweli: alama zilikuwepo. Mwaka wa 2002, mkandarasi wa kazi ile, Ray Wallace, alipofariki, familia yake ilitoa nyayo za mbao na kusema ni yeye aliyekuwa akifanya mzaha. Wapo wanaopinga hilo hadi sasa. Lakini unaona jinsi shahidi mwaminifu anavyoweza kuripoti vizuri kabisa kitu ambacho mwingine amekitengeneza.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa mambo ya zimwi, naomba tuwe wagumu zaidi. Mtu akikwambia daktari fulani amesema, au askari fulani ameona, mheshimu kwa kumsikiliza. Kisha muulize kama jambo hilo ni la fani yake, kama aliliona mchana au gizani, na kama kuna mwingine anayeweza kwenda kulikagua. Leo ni zimwi. Kesho ni dawa inayotangazwa kwa jina la daktari usiyemjua, na hapo kosa litakuwa la mwili wako.

Roosevelt alituachia hadithi mbili za ajabu. Ya mto, watu waliifuata. Mwaka wa 1927, miaka minane baada ya kifo chake, msafara mwingine uliteremka mto ule ule na kukuta maelezo yake ni sahihi. Ya Bauman haina mwaka, haina jina la marehemu, haina kaburi. Kijana wa watu alikufa katika bonde lile, kama kisa ni cha kweli, na hadi leo hakuna anayejua aende bonde gani kumtafuta.